X Space kama jukwaa la rais kujibu waandamanaji: nyota tatu kati ya tano

Julai 5, 2024, Rais William Ruto wa Kenya aliingia kwenye X Space, kikao cha mazungumzo ya sauti ya moja kwa moja kwenye mtandao wa X (zamani Twitter), kuzungumza na vijana waliokuwa wakiandamana tangu Juni 18 kupinga Mswada wa Fedha, uliopendekeza kodi mpya. Wengi walibishania alichosema. Tathmini hii inapima chombo alichokitumia: je, kinamfaa kiongozi anayedaiwa majibu baada ya damu kumwagika?

Kwanza, ukilinganisha na vilivyotangulia, kinafaa. Jioni ya Juni 25, baada ya wabunge kupitisha mswada kwa kura 195 dhidi ya 106 na waandamanaji kuvamia Bunge, rais alihutubia taifa akayaita matukio hayo ya kihaini. Kesho yake akatangaza kwamba hatautia saini. Misimamo miwili ndani ya saa 24, na hakuna mwananchi aliyepata nafasi ya kumuuliza kilichobadilika usiku ule. Juni 30 alihojiwa na wanahabari Ikulu, akataja vifo 19. Siku moja baadaye Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, ikatoa hesabu ya 39. Mahojiano yale yalikuwa na maswali makali, lakini waliouliza hawakuwa wale waliofukuzwa barabarani kwa vitoa machozi. X Space iliwapa maikrofoni wenyewe, na hilo peke yake linastahili nyota mbili.

Matumizi ni rahisi: simu, akaunti na bando. Kwa kuwa ni sauti tu, bando haliishi haraka kama kwenye video. Wasikilizaji wanaweza kuwa maelfu kwa maelfu, ila wanaoweza kuzungumza kwa wakati mmoja ni 13: mwenyeji, wenyeji wenza wawili na wazungumzaji kumi. Ukitaka kusema, unabonyeza alama ya maikrofoni kisha unasubiri mwenyeji akukubalie.

Tatizo kubwa liko hapo. Foleni ya maombi huonekana kwa wenyeji, si kwa msikilizaji wa kawaida, kwa hiyo aliyerukwa hajui amerukwa na umma hauna njia ya kujua. Kiongozi anapokuwa mgeni wa heshima, anayeshika foleni ndiye mwenye kikao. Dawa yake ni mwenyeji kutangaza mapema atachagua watu kwa utaratibu gani, na mmoja wa wenyeji wenza atoke upande wa waandamanaji.

Kasoro ya pili inatokana na hofu. Anayepewa maikrofoni anajua hatapewa tena, basi anabandika maswali matano kwenye pumzi moja: mauaji, utekaji, ufisadi, ushuru, ajira. Kiongozi huchagua lile jepesi, akalijibu kwa dakika kumi, na yale mengine yakazama bila yeyote kutambua kwamba yalikwepwa. Kanuni inayosaidia ni swali moja kwa sekunde 60, kisha muuliza swali aachiwe maikrofoni wazi kwa sekunde 30 zaidi baada ya jibu. Bila nafasi hiyo ya pili, kikao ni hotuba iliyokatwa vipande.

Maswali ya mauaji na utekaji yanahitaji maandalizi zaidi. Swali la jumla, "mbona polisi wanaua?", hujibiwa kwa jumla, na ukisema watu wametekwa utaambiwa ulete majina. Njoo na tarehe, mahali, nambari ya OB (kitabu cha matukio) ya kituo cha polisi, na nambari ya malalamiko yaliyowasilishwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi. Kisha uliza jambo moja linalopimika: faili iko kwa nani, na itachukuliwa hatua lini? Simu na makazi ya familia visitajwe hewani kamwe.

Takwimu nazo huteleza. Siku hiyohiyo rais alikuwa ametangaza kuvunjwa kwa mashirika 47 ya serikali, kupunguzwa kwa washauri kwa nusu, na mpango wa kuziba pengo la shilingi bilioni 346 kwa kubana matumizi ya bilioni 177 na kukopa bilioni 169. Kwa sikio tu, nani atauliza ni mashirika yapi? X inaruhusu chapisho kubandikwa juu ya Space, na orodha kama hiyo inapaswa kukaa hapo kabla ya swali la kwanza.

Julai 11 rais aliwafuta mawaziri wote isipokuwa Mkuu wa Mawaziri Musalia Mudavadi, na Julai 12 Inspekta Jenerali wa Polisi Japhet Koome akajiuzulu. Kuihesabia X Space ushindi huo ni kuwadhulumu waliokuwa barabarani. Hata miongoni mwao wapo waliokataa mazungumzo kabisa, wakiuliza ni nani aliyewatuma wale wachache kusema kwa niaba ya vuguvugu lisilo na viongozi. Hoja hiyo ina uzito. Mama mboga asiye na X alibaki nje, wakati redio za lugha za mama zingemfikia.

Hata hivyo, tazama njia nyingine ilivyo. Julai 9, 2025, siku mbili baada ya maandamano ya Saba Saba (Julai 7), rais alisema hadharani kwamba anayechoma biashara ya mwenzake apigwe risasi ya mguu. Ilikuwa kauli ya jukwaani, maikrofoni moja tu. Kwenye Space iliyoendeshwa vizuri, wakili yeyote angemtaka papo hapo ataje sheria inayoruhusu amri hiyo.

Jambo la mwisho ni rekodi. Mwenyeji ndiye anayeamua kama itahifadhiwa, na anaweza kuifuta. Rekodi yako ianze kwenye simu ya pili kabla rais hajafungua maikrofoni, na kando ya kila ahadi andika dakika iliyotolewa.