Ofisi ya uwakala wa usajili, Mnazi Mmoja: tathmini ya muuzaji wa makubazi

Karakana yetu iko Temeke, na kwa miaka sita sasa makubazi ya ngozi tunayoshona yamekuwa yakiuzwa zaidi kwa Instagram na WhatsApp kuliko kwa mteja anayefika dukani. Mteja wa Dar es Salaam hupelekewa na bodaboda, mzigo wa mikoani hupanda basi Stendi ya Magufuli pale Mbezi, na wa Unguja huvuka kwa boti. Mwaka juzi, katikati ya Ramadhani, msimu ambao kwetu hubeba mauzo ya miezi mingi, ulifunguliwa ukurasa mwingine wenye jina letu, nembo yetu na picha zetu zenyewe, ukawa unapokea fedha za watu wa Mwanza na Mbeya ambao hawakuletewa chochote. Wateja hao walitupigia simu sisi. Mama mmoja alikuwa amewanunulia wajukuu wake wanne makubazi ya Idi, na hadi leo sijaisahau sauti yake.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta ofisi ya kunisaidia kulilinda jina hilo, na tathmini hii inahusu ofisi niliyoipata katika eneo la Mnazi Mmoja, inayowafanyia wafanyabiashara wadogo kazi za usajili wa alama za biashara, vikoa (yaani majina ya anwani) vya tovuti na leseni. Siitaji kwa jina, kwa kuwa kasoro nilizozikuta pale nimezisikia pia kwa wenzangu waliohudumiwa kwingine, na ningependa msomaji azichukue kama maswali ya kuuliza katika ofisi yoyote atakayoingia.

Siku ya kwanza nilipokelewa na kijana wa mapokezi ambaye, kabla hajanisikiliza hadi mwisho, aliniambia, "Dada, jina ukishaliandikisha Brela hakuna atakayeligusa." Alikuwa akizungumzia usajili wa jina la biashara, na maneno yake hayakuwa sahihi. Jina la biashara husajiliwa ili ifahamike nani anafanya biashara kwa jina gani, na cheti chake ndicho benki na ofisi za leseni hukiulizia. Haki ya kumzuia mtu mwingine asiitumie alama yako kwenye bidhaa za aina ile ile hutokana na sheria nyingine, yaani Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Sajili zote mbili ziko chini ya wakala mmoja wa serikali, yaani hiyo BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, na pengine hiyo ndiyo sababu watu wengi huzichanganya. Mimi mwenyewe nilikuwa na cheti cha jina la biashara kwa miaka minne, nimekitundika ukutani karakana, na siku tapeli alipokuja hakikunifaa kwa lolote. Ofisi inayouza huduma hii haina udhuru wa kumwacha mtumishi wa mapokezi aseme hivyo kwa mteja.

Kwa bahati njema, nilipelekwa kwa wakili mwenyewe, na kuanzia hapo huduma ikawa ya kiwango kingine kabisa. Alichukua karatasi akanichorea sehemu zote ambazo jina langu linaishi: katika daftari la majina ya biashara, katika daftari la alama, katika kikoa cha tovuti, katika kurasa za mitandao ya kijamii, katika lipa namba, na katika laini ya simu ambayo wateja huipigia. Akanionyesha kwamba kila sehemu ina mlinzi wake na kanuni zake, na kwamba kuandikishwa katika moja hakumfungi mtu aliyekutangulia katika nyingine. Nimefanya biashara hii miaka mingi bila kuliona jambo hilo likiwa limekaa mahali pamoja namna ile, na kwa saa hiyo moja peke yake ningekuwa tayari kulipa.

Alianza na jina lenyewe. Jina tulilolitumia mwanzoni lilikuwa na neno "makubazi" pamoja na neno la sifa, naye alinieleza kwa upole kwamba Msajili hataliruhusu, kwa sababu alama lazima itofautishe bidhaa za mtu mmoja na za wengine, na hakuna anayeweza kumilikishwa neno ambalo kila fundi wa makubazi kutoka Lamu hadi Mtwara analihitaji kuelezea kazi yake. Nilisikitika, kisha nikakubali kwamba ana haki. Tulichagua neno la pili ambalo wateja walikwisha kulizoea katika nembo yetu, tukatafuta katika mfumo wa usajili kwa njia ya mtandao, ule wa BRELA unaojulikana kama ORS, tukaona hakuna aliyetangulia.

Lililofuata ni madaraja. Bidhaa na huduma zimegawanywa katika madaraja 45 kwa mujibu wa mpangilio wa kimataifa wa Nice: viatu na nguo viko daraja la 25, mikoba ya ngozi iko daraja la 18, na huduma ya kuuza bidhaa iko daraja la 35. Kila daraja huombwa na kulipiwa peke yake. Ofisi nyingi zingenisukuma niyachukue yote matatu, maana ada ya uwakala inakua kwa kila ombi, lakini wakili huyu aliuliza mikoba inachukua sehemu gani ya mauzo yangu, akaniambia nianze na daraja la 25 na nirudi kwa la 18 pale mikoba itakapokuwa biashara kweli. Ushauri wa namna hiyo, unaompunguzia mshauri mwenyewe kipato, ndio unaonifanya niandike kwa kirefu hivi.

Malipo yalifanyika kwa uwazi. Ada ya serikali ililipwa kwa namba ya malipo iliyotoka kwenye mfumo, nikailipa mwenyewe kwa simu na nikabaki na ujumbe wa uthibitisho, ilhali ada ya ofisi, Sh 350,000, iliandikiwa risiti yake mbali. Atakayekuchanganyia vitu hivyo viwili katika jumla moja hakupi nafasi ya kujua unalipia nini, na ni hapo vishoka hujipatia mkate wao.

Baada ya ombi kukubaliwa, alama hutangazwa katika jarida la Msajili, na mtu yeyote ana siku 60 za kuweka pingamizi. Muda huu hauwezi kufupishwa na wakala yeyote, kwa hiyo anayekuahidi cheti cha alama ndani ya wiki mbili anakudanganya. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, na baada ya hapo huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Cheti kilipotoka, tuliijaza upya fomu ya malalamiko ya Instagram, ile ambayo huuliza alama imesajiliwa nchi gani na kwa namba ipi. Nilikuwa nimeijaza mara tatu huko nyuma nikiwa na cheti cha jina la biashara, na mara zote nilishindwa katika kipengele hicho. Safari hii namba ilikuwepo, na ukurasa wa tapeli ukaondolewa. Sikuwahi kufikiri kwamba karatasi iliyotoka katika daftari la hapa nyumbani ingeweza kusikilizwa na kampuni iliyo ng'ambo ya bahari kwa haraka kuliko vilio vya wateja wangu wote.

Kuhusu picha, maelezo yalikuwa mafupi na yalitosha: kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki katika picha huzaliwa pale picha inapopigwa, bila kusubiri usajili, lakini mpiga picha ninayemlipa na mimi ninayezitumia tunapaswa kuandikiana nani ana haki zipi. Nilipewa mkataba wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Mpiga picha wetu alisaini bila ubishi.

Sehemu iliyonishangaza kwa uzuri wake ni ile ya laini ya simu, jambo ambalo sikulitarajia katika ofisi ya alama za biashara. Wakili aliniomba nipige *106# ili nione laini zilizosajiliwa kwa namba yangu ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na laini ya biashara, ile iliyoandikwa kwenye kila boksi la makubazi, haikuwemo. Ilisajiliwa kwa alama za vidole za binamu yangu aliyekuwa akitusaidia mauzo wakati ule wa mwanzoni mwa mwaka 2020, laini zisizosajiliwa kwa vidole zilipoanza kuzimwa na kila mtu akakimbilia kuokoa namba yake kwa njia iliyokuwa karibu. Kwa macho ya sheria, namba ambayo wateja elfu kadhaa wanaijua kama yetu ilikuwa ya binamu, na WhatsApp ya biashara ilikuwa imening'inia juu yake. Binamu ni mtu mwema na tulihamisha umiliki kwa mtoa huduma ndani ya siku moja. Lakini nimewaza mara nyingi yangetokea nini kama tungekuwa tumegombana. Maduka ya mtandaoni ya mji huu yaliyosimama juu ya laini ya mfanyakazi ni mengi kuliko wenyewe wanavyodhani.

Katika mambo ya Mamlaka ya Mawasiliano, inayosimamia simu na maudhui ya mtandaoni, hata hivyo, ndipo ofisi hii iliponiangusha zaidi. Msaidizi mmoja aliniandikia makadirio ya gharama yenye kipengele cha leseni ya maudhui ya mtandaoni, akisema kwamba kila mwenye tovuti na ukurasa wenye wafuasi wengi lazima awe nayo. Hofu hiyo ina historia. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, ziliweka ada ambazo kwa mwombaji mpya zilifika takribani Sh 2,100,000, na wanablogu wengi walinyamaza kuliko kulipa. Kanuni hizo zilibadilishwa mwaka 2020 na kurekebishwa tena mwaka 2022. Leseni hizo zimelengwa kwa wanaotoa maudhui kwa umma kama huduma, kama vile habari, televisheni na redio za mtandaoni, wala si kwa fundi anayeonyesha bei ya kubazi lake. Niliomba nionyeshwe kifungu, na kipengele kikafutwa siku hiyo hiyo kwa kuombwa radhi. Najiuliza ni wangapi wasioomba kifungu. Muuzaji mdogo akitishwa na leseni asiyoihitaji, huahirisha tovuti, hubaki kwenye ukurasa wa bure unaoweza kuigwa kwa dakika kumi, na nchi inapoteza mlipakodi aliyetaka kujitokeza hadharani.

Kosa la pili lilikuwa katika kikoa. Tulichagua kikoa cha .co.tz, na ofisi ikakilipia kwa msajili aliyeidhinishwa, lakini ikaandika jina lake yenyewe na barua pepe yake kama mmiliki. Niliambiwa ni kwa urahisi wa kuhuisha kila mwaka. Ofisi iliyonifundisha hatari ya laini iliyo kwa jina la binamu ilikuwa imenifanyia jambo lile lile. Ilinibidi nirudi mara mbili ndipo umiliki ukaandikwa kwa jina la biashara yangu, na hata akaunti ya ORS ilikuwa imefunguliwa kwa namba ya simu ya ofisi, ikabadilishwa nilipodai.

Walinikumbusha pia kwamba anwani na namba za wateja tunazozihifadhi zinagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na wakaniandalia maelezo ya kuweka kwenye tovuti. Sina la kuongeza hapo.

Kilichobaki nje ya uwezo wao ni mipaka ya sheria zenyewe. Cheti changu kinatawala Tanzania Bara peke yake. Zanzibar ina msajili wake na sheria yake, kwa hiyo boti la asubuhi linalopeleka makubazi Unguja linayapeleka mahali ambapo alama yangu haijaandikishwa, na Nairobi, ambako tuna wateja wanaoongezeka, ni ombi jingine tena na ada nyingine. Umoja wa Afrika ulipitisha itifaki ya haki za miliki bunifu chini ya Eneo Huru la Biashara la Afrika mwezi Februari 2023, na ya biashara ya kidijitali Februari 2024, na mimi ni mmoja wa wanaosubiri kwa hamu itifaki hizo zishuke hadi kwenye kaunta ya msajili. Kwa sasa wakili alinishauri niandikishe Zanzibar kwanza, kwa kuwa wageni wengi hutununulia huko, na ombi hilo tumelipeleka mwezi uliopita.

Kwa kazi ya alama za biashara, mikataba ya picha na ukaguzi wa laini, ningemtuma kwao ndugu yangu bila wasiwasi, mradi aombe kuonana na wakili na si kijana wa mapokezi. Kwa leseni za mawasiliano ningemwambia aombe kifungu cha sheria kwa maandishi kabla ya kulipa, na kwa kikoa ningemwambia akasajili mwenyewe. Wanafungua saa mbili na nusu asubuhi, Jumamosi hufunga saa saba mchana, foleni huwa fupi siku za Jumatano. Nenda na namba ya NIDA, namba ya mlipakodi na nembo iliyo safi, kwa kuwa ombi langu lilichelewa siku tisa kwa sababu ya picha ya nembo iliyopigwa kwa simu.