Taarabu uani mwa Ngome Kongwe, Bagamoyo

Jumamosi iliyopita nilimpeleka shangazi yangu, ambaye amezipenda nyimbo za taarabu tangu ujana wake Tanga, kwenye onyesho la taarabu asilia lililofanyika uani mwa Ngome Kongwe ya Bagamoyo. Kiingilio kilikuwa shilingi 15,000, na kwa saa ya kwanza peke yake ningelipa mara mbili bila kusita.

Ngome hiyo ilijengwa mwaka 1860 ikiwa nyumba ya Abdallah Suleiman Marhabi. Baadaye Sultani Barghash wa Zanzibar aliiimarisha, Wajerumani wakaweka humo askari wao, na chini ya Waingereza ikawa gereza. Kwamba milango iliyowahi kufungiwa wafungwa sasa inafunguliwa ili watu waingie kusikiliza udi ni jambo lililonigusa sana, nami naomba lisije likakoma.

Wanaoijua Ngome Kongwe ya Unguja, ambako tamasha la Sauti za Busara limekuwa likifanyika tangu 2004, wasitarajie uwanja mkubwa kama ule. Ua wa Bagamoyo ni mdogo, umezungukwa na kuta nene za mawe ya matumbawe pande zote, na hiyo ndiyo neema yake. Kanuni ni ala yenye sauti nyembamba. Ukiipiga ufukweni, upepo wa bahari huichukua kabla haijafika safu ya tatu. Humo ndani kuta ziliishika. Wapigaji walianza jua lilipokwisha kuzama, wakiwa na kipaza sauti kimoja tu mbele ya mwimbaji, na nikiwa nyuma kabisa niliusikia kila uzi wa kanuni, fidla ikiufuata, na dumbaki ikigongwa kwa ncha za vidole. Ilipoadhiniwa isha wote walinyamaza, fidla zikalazwa mapajani, na kwa muda huo tukasikia mawimbi ng'ambo ya ukuta. Wengine wakaenda kuswali, na onyesho likaendelea waliporudi.

Saa ya pili iliharibika. Watu walipoongezeka, waandaaji waliwasha spika nne kubwa za kumbi za harusi, na kuta zilezile zilizokuwa zikitutunzia sauti zikaanza kuirudisha kwa kishindo, ubeti mmoja ukipanda juu ya mwingine. Taarabu ni maneno kwanza. Fumbo lisiposikika, hakuna wa kuchomwa wala wa kufurahi. Shangazi alikuwa amefunga noti ya shilingi 5,000 kwenye pindo la kanga yake, akisubiri ubeti wa kumgusa ili ainuke akamtunze mwimbaji. Aliifungua, akaishika kiganjani, akaniinamia: "Mwanangu, kasema nini hapo?" Sikuwa na jibu. Akaifunga tena pindoni.

Kuna jambo jingine lililoniuma zaidi ya spika. Kijana mmoja wa waandaaji alipigilia misumari ukutani kutundika bango, na chokaa ikamwagika sakafuni kama unga. Mzee aliyekuwa akikaza nyuzi za udi wake alimwambia kwa upole, "Mjukuu wangu, funga kwenye nguzo, ukuta huu hauna mwingine." Alisema kweli. Tundu la namna hiyo huingiza maji ya mvua, na likija kuzibwa kwa saruji badala ya chokaa, unyevu na chumvi hukwama ndani na jiwe la matumbawe hubomoka taratibu.

Kwa atakayekwenda, Bagamoyo iko kilomita 70 hivi kutoka Dar es Salaam, na ni vizuri kufika alasiri ili kuitazama mitaa ya Mji Mkongwe na milango yake ya nakshi kukiwa bado na mwanga. Viti vilikuwa vichache, kwa hiyo beba mkeka. Ngazi za kupandia ghorofani hazikuwa na taa usiku ule, na wazee wasizipande bila kushikwa mkono. Kahawa na kashata zilizouzwa langoni zilikuwa nzuri sana, tangawizi ikisikika hasa.

Nimewaandikia waandaaji kuwaomba mambo mawili: waziache spika walikozikodi, na wafunge mabango yao kwa kamba. Shangazi anasema atakwenda tena wakitangaza onyesho jingine, na noti yake bado iko pindoni.