Physical Review Letters: kurasa nne zinazozidi namba yake

Mwenye saa moja tu kwa wiki ya kusoma fizikia nje ya anachofundisha, namshauri aitumie kwa Physical Review Letters. Mimi ni mhadhiri hapa Dar es Salaam. Nasimamia wanafunzi wa uzamili wanaokokotoa kwa kompyuta tabia za nusu-kipitishi, vitu kama silikoni, na jarida hili nimelisoma tangu nikiwa mwanafunzi. Nalipenda, na ndiyo maana inaniuma kuona vijana wanalijua kwa impakti fakta yake tu, yaani ile namba ya wastani wa nukuu kwa kila makala, hawajawahi kufungua hata makala moja na kuimaliza.

Jarida ni la Shirika la Fizikia la Marekani na lilianza Julai 1958. Mhariri aliyelianzisha ni Samuel Goudsmit, yule ambaye mwaka 1925, pamoja na George Uhlenbeck, alipendekeza kwamba elektroni ina spini, yaani tabia kama ya kujizungusha yenyewe. Kabla ya hapo taarifa fupi za ugunduzi zilikuwa zikibanwa ndani ya Physical Review, katikati ya makala ndefu. Goudsmit akazitoa humo na kuzipa jarida lao wenyewe, litoke haraka na lisomwe na kila mwanafizikia. Siku hizi hutoka kila wiki, na kwa mwaka huchapisha makala zaidi ya 2,000.

Matawi yote yamo: graviti na anga, chembe za msingi, viini vya atomu, atomu na mwanga, plazma, mada yabisi, vitu laini, taarifa za kwanta. Upana huo si jambo geni, majarida mapana yapo mengi. Kinacholitofautisha hili ni sharti la ufupi. Kwa miaka mingi mwandishi alipewa kurasa nne, baadaye kikomo kikawa maneno 3,750, michoro na fomula zikihesabiwa humo humo. Aya ya kwanza inatakiwa ieleweke na mtu wa tawi jingine. Mtaalamu wa nyota aweze kujua kwa nini wa superkondakta, vitu vinavyopitisha umeme bila ukinzani, amefurahi, hata kama hatazifuata hesabu zake zote. Ukizisoma hizo aya za kwanza kwa mwaka mzima unajifunza jinsi ya kueleza jambo. Wanafunzi wangu nawapa zoezi hili: chukua makala, funika kila kitu isipokuwa aya ya kwanza na mchoro wa kwanza, kisha niambie wamegundua nini. Makala nzuri ya jarida hili hufaulu mtihani huo.

Nitoe mfano ninaoishi nao. Mwaka 1996 John Perdew, Kieron Burke na Matthias Ernzerhof walichapisha humu makala ya kurasa nne, ukurasa wa 3865 hadi 3868 wa juzuu ya 77. Tatizo lao lilikuwa hili: nadharia ya densiti inasema nishati ya elektroni zote katika fuwele inaweza kupatikana kwa kujua tu elektroni zimesambaa vipi, lakini kuna kipande kimoja cha nishati hiyo ambacho fomula yake kamili hakuna anayeijua. Lazima kikadiriwe. Wao wakatoa ukadirio usiochezewa ili ulingane na data ya maabara, uliojengwa kwa masharti ya fizikia yenyewe, na ulioandikika kwa mistari michache. Leo makala hiyo imenukuliwa zaidi ya mara 100,000. Sisi huku tunaitumia kila siku. Mwanafunzi anayefungua Quantum ESPRESSO, programu ya bure ya kukokotoa tabia za elektroni katika vitu, na kupakua faili la silikoni, ataona herufi pbe ndani ya jina la faili. Hizo ni herufi za kwanza za majina ya wale watatu. Mwaka 2012 shule ya Afrika ya hesabu za namna hii, ASESMA, ilifanyika Eldoret, Kenya, na fomula hii ni mkate wa kila siku wa kazi inayofundishwa pale.

Na udhaifu wake unaonekana mapema, jambo ambalo kwangu ni sehemu ya uzuri wake. Kokotoa silikoni kwa fomula hiyo: upana wa kisanduku kinachojirudia katika fuwele utatoka karibu angstromu 5.47, wakati maabara inasema 5.43. Hapo unatabasamu. Kokotoa pengo la nishati, yaani nishati ambayo elektroni inahitaji ili iweze kupitisha umeme: utapata karibu 0.6, wakati la kweli ni takriban elektroni-volti 1.1. Hapo mwanafunzi hushtuka na kudhani amekosea kuandika faili. Hajakosea. Ndipo tunaanza kuzungumza fizikia, na mazungumzo hayo yametokana na kurasa nne.

Sasa tuje kwenye namba. Impakti fakta ya Physical Review Letters kwa miaka ya karibuni imekuwa kati ya 8 na 9. Inavyopatikana ni rahisi: chukua nukuu zote za mwaka huu zinazotaja makala zilizotoka miaka miwili iliyopita, gawanya kwa idadi ya makala za miaka hiyo miwili. Basi. Angalia basi kilichoachwa nje. Makala ya Perdew na wenzake, ambayo maelfu ya watafiti wanaendelea kuinukuu kila mwaka, haichangii hata nukta moja katika namba ya leo, kwa kuwa ni ya 1996. Makala iliyonukuliwa kuliko zote katika historia ya jarida haimo kabisa kwenye kipimo kinachotangazwa kuwa kipimo cha jarida.

Mfano wa pili unanigusa zaidi. Novemba 1967 Steven Weinberg alichapisha humu kurasa tatu alizozipa jina la "mfano wa leptoni" (leptoni ni chembe kama elektroni), akiunganisha nguvu ya sumakuumeme na nguvu dhaifu ya viini. Miaka mitatu ikapita karibu pasipo mtu kuinukuu. Hakuna aliyejua kama hesabu zake zingevumilia, kwa sababu ukienda hatua ya pili namba zilitishia kulipuka hadi bila kikomo. Mwaka 1971 mwanafunzi wa Utrecht, Gerard 't Hooft, akaonyesha kwamba hazilipuki. Ghafla kila mtu akairudia ile makala. Mwaka 1979 Weinberg akapata Nobeli pamoja na Sheldon Glashow na Abdus Salam, huyo huyo Salam aliyeanzisha kituo cha fizikia ya nadharia cha Trieste, Italia, mwaka 1964, kituo kilicholea wanafizikia wengi wa Afrika. Kwa dirisha la miaka miwili, kazi ya Weinberg ilikuwa sifuri. Kamati ya kupandisha vyeo inayohesabu nukuu za miaka miwili ingempita bila kumwona.

Na sisi Watanzania tuna wa kwetu. Erasto Mpemba aliona mwaka 1963, akiwa mwanafunzi Magamba kule Lushoto, kwamba mchanganyiko wa aiskrimu ulioingizwa kwenye friza ukiwa wa moto uliganda kabla ya uliopoa. Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia chuo kikuu Dar es Salaam, wakachapisha katika Physics Education, jarida la walimu. Kuhusu maji yenyewe ubishi haujaisha, na 2016 ilitoka kazi nzito ya kupinga. Lakini wazo limesafiri. Mwaka 2017 Physical Review Letters ilichapisha makala ya kinadharia kuhusu athari ya Mpemba katika chembechembe zinazogongana, na 2024 ikachapisha majaribio ya athari hiyo kwenye ioni zilizonaswa, yaani katika ulimwengu wa kwanta. Jina la mwanafunzi wa Magamba linaandikwa kwenye vichwa vya makala za jarida hili zaidi ya nusu karne baadaye, na chanzo chake ni jarida la walimu ambalo hakuna anayelitafuta kwa sababu ya impakti fakta.

Halafu kuna suala la wastani. Daladala ya Mbagala imejaa watu wenye kipato cha kawaida, akapanda bilionea mmoja, wastani wa kipato ndani ya gari unaruka juu ingawa hakuna abiria aliyeongezewa senti. Februari 2016 bilionea huyo alikuwa makala ya LIGO, mradi wa Marekani wa kunasa mawimbi ya mvutano, iliyotangaza mawimbi ya mvutano kutoka mashimo meusi mawili yaliyogongana, moja lenye uzito wa takriban majua 36 na jingine 29. Ilinukuliwa maelfu ya mara ndani ya muda mfupi, na nukuu zake za 2017 na 2018 ziliingia kwenye hesabu ya jarida zima. Makala nyingi zilizochapishwa mwezi ule ule hazikufika hata nukuu 8 kwa mwaka. Kwa hiyo anayeandika kwenye wasifu wake kwamba amechapisha katika jarida la 8 hajaniambia chochote kuhusu makala yake. Nionyeshe makala.

Kulinganisha majarida kwa namba hii nako kunapotosha. Reviews of Modern Physics, ndugu wa jarida hili katika shirika hilo hilo, lina impakti fakta zaidi ya 40. Halichapishi ugunduzi mpya, linachapisha makala chache ndefu za mapitio kwa mwaka, na mapitio hunukuliwa sana kwa sababu ndiyo kazi yake. Physical Review B, ndugu mwingine, liko kwenye 3 na kitu, na humo ndimo kazi kubwa na ya kina ya mada yabisi inakoandikwa. Kwa wanafunzi wangu, B lina manufaa mara nyingi kuliko hayo mengine mawili.

Kasoro zipo, na sitazificha. Ufupi unapunguza maelezo ya njia. Vitu vya lazima kwa anayetaka kurudia kazi husukumwa kwenye viambatisho, na viambatisho vingine ni virefu kuliko makala na havina mtiririko. Sharti la kumvutia kila mwanafizikia linawapa nafasi kubwa wanaofuata mada zinazovuma mwaka huo. Sharti la kurasa nalo linalegea kazi ikiwa kubwa: makala ya 2015 ya ATLAS na CMS, vikundi viwili vya maabara ya CERN, kuhusu uzito wa chembe ya Higgs ilifika kurasa 33, na kurasa 24 kati ya hizo zilikuwa majina ya waandishi zaidi ya 5,000. Uhakiki pia hauzuii kila kitu. Agosti 2023 jarida liliondoa makala ya 2021 kuhusu kampaundi ya manganizi na salfa baada ya uchunguzi kutia shaka data zake. Nalipa alama kwa kuiondoa hadharani, ila kwa miaka miwili ilikuwa ikisomwa kama kazi safi.

Kubwa kwetu ni mlango. Jarida ni la kulipia, na chuo kisicho na usajili kinabaki na muhtasari tu. Mwandishi anaweza kulipa ili makala yake isomwe bure, lakini ada hiyo ni maelfu ya dola, fedha ambayo kwa bajeti ya utafiti ya chuo chetu ni ndoto. Nafuu ipo. Tangu Januari 2018 makala zake za fizikia ya chembe ziko wazi kwa wote kupitia SCOAP3, mpango wa kimataifa unaolipia gharama hiyo badala ya waandishi. Kwa nyingine, chukua kichwa cha makala, kitafute arXiv, hifadhi ya bure ya makala mtandaoni, na mara nyingi utaipata nakala ya waandishi wenyewe, maana jarida linaruhusu. Na gazeti la mtandaoni la shirika hilo, Physics, ni bure na hueleza makala teule kwa lugha nyepesi. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza aanzie humo.

Je, upeleke kazi yako huko? Waliokubaliwa ni chini ya robo ya waliotuma. Kabla ya kutuma, jaribu kumweleza mwenzako wa tawi jingine matokeo yako kwa sentensi moja. Akiuliza swali la pili kwa hamu, tuma. Akikaa kimya, Physical Review B linakungoja, na hakuna aibu yoyote humo.

Kwa msomaji mgeni, nakupangia hivi. Anza na ya LIGO ya 2016: iko wazi, ina kurasa 16, na mchoro wake wa kwanza, unaoonyesha wimbi lilivyofika Hanford na Livingston, vituo viwili vya LIGO, unaeleweka na mtu wa kidato cha sita. Ifuate ya Weinberg, kurasa tatu tu, uone mtu anavyomalizia kwa kuuliza kama hesabu za mfano wake zinaweza kuepushwa na kule kulipuka hadi bila kikomo, asijue jibu. Kisha ingia kwenye Perdew, Burke na Ernzerhof ukiwa na kalamu, na kompyuta yenye Quantum ESPRESSO pembeni. Hiyo ya mwisho usiisome kitandani. Ikokotoe.