TAHADHARI: Topu za madirisha za "mninga" zinazouzwa kwa bei ya chini hapa Tabora

Ndugu zangu wa Tabora mjini, hasa mnaojenga kidogo kidogo kama mimi, someni hapa kabla hamjatoa hela ya madirisha. Kuna mtu anazungukia nyumba ambazo hazijaisha, anachukua oda za topu za mbao, zile mbawa za kufungua na kufunga, na anasema ni mninga. Si mninga. Nimempa 380,000, na mama yangu amelala msimu mzima wa mvua na turubai dirishani.

Alikuja mwishoni mwa Oktoba. Mnajua hali ya hapa mwezi huo: joto kali, mawingu yameanza kukusanyika, na kila mwenye nyumba isiyo na madirisha ana wasiwasi. Fremu na nondo tulishaweka. Alumini na vioo nilishaulizia, nikaona siwezi. Mafundi wawili wa mjini walikuwa wamenitajia 150,000 kwa dirisha moja la mninga lenye mbawa mbili. Yeye akasema 95,000. Eti ana mbao zilizobaki kwenye tenda ya shule na hataki zimlalie.

Hakuwa na papara hata kidogo. Alimwamkia mama shikamoo, akakaa, akanywa maji. Akapima madirisha yote manne kwa futi, juu, katikati na chini, na vipimo akaviandika kwenye kaunta buku. Kisha akatoa kwenye begi kipande cha mbao kilichopigwa randa, akanipa nishike. Kile kipande kilikuwa mninga kweli. Kizito, rangi ya kahawia yenye wekundu kwa mbali, ukikikwaruza kwa kucha huachi alama. Hapo ndipo aliponipata. Niliamini kwamba nilichokishika ndicho nitakacholetewa.

Kianzio alitaka 220,000, nitume kwenye namba ya mke wake. Kabla sijaweka namba ya siri lilitokea jina la mwanaume. Nikamuuliza, akasema laini ilisajiliwa na shemeji yake. Nikatuma. Dada zangu, kaka zangu, jina likija tofauti na mlivyokubaliana, rudisheni simu mfukoni. Ukishabonyeza, maelezo yake hayakusaidii kitu.

Siku kumi baadaye topu zikaja kwa bajaji, zimeshapakwa rangi ya mninga na vanishi juu, zinang'aa. Akasema atarudi kesho yake na bawaba kuzifunga, nimalizie 160,000 iliyobaki. Nikammalizia. Tangu hapo simu yake ikawa inaita mpaka inakata, na baada ya wiki haikupatikana tena.

Aliyenifungua macho ni fundi wa mtaani niliyemwita kuzifunga. Alipochonga kwa patasi mahali pa kulaza bawaba, chini ya ile rangi ikatokea mbao nyeupe ya manjano, laini, inanukia utomvu. Msonobari, hii tunayoiita paini, inayoletwa kutoka mashamba ya miti ya Mafinga. Akabonyeza kidole gumba pale alipochonga, akaniambia, "Mama, hii bado ina maji."

Nataka nieleweke: paini si mbao mbaya. Ikikauka vizuri, ikatiwa dawa ya wadudu na kupakwa rangi pande zote, ni dirisha zuri la mtu mwenye bajeti ndogo, na kama ningeambiwa ukweli pengine ningeichagua. Wizi ni kuniuzia kwa jina la mninga, tena mbichi. Mbao mbichi inapopoteza maji inasinyaa kwa upana na kujipinda, urefu unabaki karibu vilevile. Zangu zilipigwa na jua la Tabora wiki mbili, viungo vikaachia. Mvua za Disemba zilipoanza zikanyonya maji na kuvimba. Ukizijaribisha kwenye fremu, ubawa mmoja hauingii, mwingine ukiingia hautoki. Mninga unasifika kwa kutocheza hivyo, na kiini chake mchwa na fukusi hawakipendi, ndiyo maana watu wanaulipia zaidi. Ila hata kwenye mninga, ile sehemu nyeupe ya nje ya gogo wadudu wanaila, kwa hiyo fundi akiiacha nyingi mwambie aipunguze.

Sasa niseme ninavyofanya safari hii, maana madirisha bado nayahitaji. Sipokei tena topu iliyopakwa rangi kabla sijaiona ikiwa tupu. Nakwenda karakana, naona mbao kabla ya randa na baada ya randa, ndipo rangi ipakwe. Fundi asiye na karakana ninayoweza kufika kwa miguu yangu simpi oda. Topu ikishapakwa, tazama miishoni na pale bawaba zinapokaa, kwaruza kidogo kwa kisu. Inyanyue pia, na ulinganishe na topu ya mninga ya jirani iliyokaa miaka. Paini ni nyepesi waziwazi, labda iwe imejaa maji, na hapo uzito unaweza kukudanganya.

Kujua kama mbao ina maji, kuna kipimo rahisi alichonifundisha yule fundi. Omba kipande kilichokatwa kwenye mbao hiyohiyo, kipime kwenye mizani ya dukani, kianike juani wiki nzima, usiku kiingize ndani, kisha kipime tena. Kikipungua sana, mbao ilikuwa mbichi. Wiki moja ya kusubiri ni nafuu kuliko hasara niliyopata.

Na msiagize yote kwa mpigo. Nimeanza na dirisha moja tu la chumba cha mama. Nimelipa nusu, likafungwa, tukalifungua na kulifunga siku kadhaa, ndipo nikamalizia. La pili litakuja mwezi ujao nikipata. Bawaba nimenunua mwenyewe, tatu kwa kila ubawa kwa kuwa dirisha ni refu, na nimesimama pale kuhakikisha zinafungwa kwa skrubu, si misumari. Kingo za juu na chini zimepakwa rangi kabla ya kufungwa. Mafundi wengi huziruka kwa kuwa hazionekani, na huko kwenye miisho ndiko mbao inakokunywa maji kwa kasi.

Kuhusu mbao za misitu ya kwetu, mwulizeni muuzaji karatasi. Mbao halali ya msitu ina kibali cha uvunaji na hati ya kusafirishia kutoka TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Huyu tapeli wangu nilipomwuliza alisema ziko kwa bosi.

Jina lake siliandiki hapa. Nimeripoti polisi nikachukua RB, yaani namba ya taarifa yangu, na mwenyekiti wa mtaa ana nakala ya ule ukurasa wa vipimo niliopiga picha pamoja na meseji za malipo. Ukiwa umetapeliwa kwa mtindo huu, usifute meseji hata moja, na rangi usiikwangue yote, acha sehemu ionekane ilivyopakwa. Najua wengine mnaona aibu kusema. Mimi pia niliona aibu, nikanyamaza miezi miwili, na ndani ya miezi hiyo mama mmoja mjane mtaa wa pili kampa mtu huyohuyo 190,000. Hilo linaniuma kuliko hela yangu.

Topu saba zimeegemezwa ukutani uani kwangu, na ya nane ndiyo ile iliyochongwa kwa patasi, rangi juu na weupe chini. Anayesubiri kuletewa madirisha ya bei hii aje azitazame kwanza. Njoo inbox nikuelekeze nyumbani, jioni nipo.