Kabla Hawajanunua Mashine Mpya

Bustani hii ya michezo naipenda, na mfuko ukiruhusu, huko ndiko familia yangu huenda kutafuta raha. Jina lake siliandiki kwa sababu nina malalamiko mawili matatu, na sitaki kijana yeyote wa pale aitwe ofisini kwa ajili yangu. Siku hizi uwanja wao wa nyuma umezungushiwa mabati mapya, na langoni wameweka ubao mkubwa: "Tunapanuka! Mngependa mashine gani?" Watoto wameujaza kwa kalamu za kila rangi. Mnara wa kuanguka. Rolakosta, yaani kile kitreni cha kasi cha kupanda na kushuka milima ya reli, ya kichwa chini miguu juu. Mmoja ameandika "mamba wa kweli", na kusema kweli huyo angepata kura yangu kama si bima.

Mimi ni fundi wa lifti. Mchana kutwa niko kwenye maghorofa ya Upper Hill na Westlands hapa Nairobi, kwa hiyo nikiingia mahali penye mashine za kupandisha watu juu, jicho langu hutafuta mnyororo, breki na mikono ya anayebonyeza kitufe, rangi baadaye. Kwa upande huo, sina neno baya. Vijana wa pale hukagua vyuma vya kufunga viti kimoja kimoja, kwa kuvivuta na kuvisukuma, hata foleni ikiwa inanung'unika. Rolakosta yao ni ndogo na imezeeka, lakini inatunzwa. Ile "ta-ta-ta-ta" inayosikika gari likipanda mlima wa kwanza, ambayo wengi hudhani ni mashine kuchoka, ndiyo dawa ya usingizi wangu. Chini ya gari kuna ulimi wa chuma unaoangukia kwenye meno yaliyopangwa katikati ya reli. Mnyororo ukikatika, ulimi unashika jino na gari linabaki palepale badala ya kurudi nyuma na abiria wake. Siku ukipanda rolakosta ya namna hiyo iko kimya, shuka.

Shida yangu si mashine zilizopo. Shida ni nani hana mashine.

Binti yangu ana miaka saba. Mlangoni pa rolakosta kuna twiga aliyechorwa kwenye ubao, ulimi wake umetoka kwenye alama ya sentimita 120. Binti akasimama chini ya ulimi, kifua mbele, nywele zimefungwa mafundo mawili juu ya kichwa. Mhudumu, dada mpole, akaweka kiganja juu ya fundo moja na kulibonyeza taratibu mpaka akafika kwenye kichwa chenyewe.

"Mwaka ujao, mrembo."

"Baba, mwambie nywele pia ni zangu!"

Sikumwambia. Dada alikuwa sahihi, kile chuma cha kiti kimepimwa kwa mwili wa kimo fulani na nywele hazizuii mtu kuchomoka. Lakini tulipokwenda upande wa watoto, magoti yake yaligusa kidevu ndani ya kile kitreni cha kobe, huku wenzake kwenye behewa wakinyonya vidole. Watoto wa kimo chake ni wengi mno pale, huku wakubwa, kule wadogo, wanaishia kwenye magari ya kugongana hadi pesa za kadi ziishe.

Na kuna mama mkwe. Alikuja kutoka Murang'a, akavaa viatu vya kanisani, akalipiwa kiingilio kama sisi wengine. Kazi aliyopewa ni kushika mikoba. Kijana mmoja alimwambia, "Shosho, keti hapo kivulini, utaona vizuri," akamletea kiti cha plastiki. Adabu njema sana, lakini tumelipa mlangoni ili mzee akaketi. Ukiangalia kando ya kila mashine Jumapili utawaona wamejipanga: shosho, mama mjamzito, baba mwenye mgongo mbovu, wote na sweta za watu mikononi.

Kwa hiyo mnara wa kuanguka, ule unaopandisha viti juu na kuviachia, naomba usubiri. Si kwamba nauogopa. Watu wengi huwaza, stima ikipotea nikiwa hewani nitakuwaje? Kwenye minara mingi ya sasa, breki za kuzuia kuanguka ni za sumaku: bapa la shaba au alumini linapita katikati ya sumaku za kudumu, na mwendo wenyewe ndio unaozaa nguvu ya kuuzuia mwendo. Ukianguka kwa kasi zaidi, unazuiwa kwa nguvu zaidi. Hazihitaji umeme hata kidogo, na mji wetu unavyozimika hilo ni jambo la kuthaminiwa. Lifti nazo zimekuwa na breki isiyotegemea kamba tangu mvumbuzi Elisha Otis alipoionyesha New York katika miaka ya 1850, akasimama juu ya jukwaa na kuagiza kamba ikatwe. Mnara utakuwa salama. Ila utawapandisha walewale ambao tayari wana mahali pa kupanda.

Kitu cha kwanza kujengwa nyuma ya mabati hayo kiwe na paa. Masika yetu ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, na Julai kuna kile kibaridi cha manyunyu kinachokufanya ujute kuzaliwa. Radi ikinguruma, mashine zote za juu husimama, na ni haki zisimame. Basi familia nzima inarundikana chini ya mwavuli wa duka la chipsi huku saa zikienda. Jengeni ghala, lizimeni taa, tandikeni reli ndani yake na vibehewa vya watu sita sita vinavyokwenda polepole kupitia masimulizi. Nchi za wenzetu wanazo nyingi na mzee wa miaka 80 anapanda bila shida.

Masimulizi tunayo. Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, na huu mji ukaota juu ya kinamasi kwa sababu ya reli hiyo. Mwaka mmoja kabla, kazi ya daraja la Tsavo ilikuwa imekwamishwa na simba wawili wasio na manyoya shingoni, waliokuwa wakiwavuta wafanyakazi kutoka mahemani usiku. Ngozi za simba hao leo zimejazwa na kusimamishwa katika jumba la Field Museum, Chicago. Mtoto wa Nairobi akitaka kuwaona anahitaji viza. Si afadhali tuwafanye wa kwetu wa kutisha gizani, macho mawili ya kijani nyuma ya hema, na behewa likate kona? Michoro wapewe wale wanaochora nganya, zile matatu za mapambo, hakuna mikono inayojua rangi na taa kuwashinda. Mapambo ya chuma yachomelewe kwa mafundi wa mtaani wa Kamukunji. Reli na breki, hapana, hizo zitoke kwa wenye shahada ya kazi hiyo. Nawaheshimu ndugu zangu wa jua kali lakini kila mtu na fani yake.

Cha pili ni rolakosta ya familia, ya watoto wa kuanzia mita moja hivi wakiwa na mtu mzima kando. Najua jibu la ofisini: pesa. Hapo ningewaonyesha Knoebels, bustani ya mkoani huko Pennsylvania, Marekani, ambayo si kubwa kama zile za majina makubwa. Rolakosta yao ya mbao iitwayo Phoenix ilijengwa San Antonio, Texas, mwaka 1947. Bustani ile ya Texas ilipofungwa ikabaki imesimama bure, Knoebels wakainunua, wakaifungua ubao kwa ubao, wakaisafirisha na kuifungulia kwao mwaka 1985. Hadi leo wapenzi wa rolakosta huihesabu miongoni mwa zilizo bora duniani. Kwa hiyo mtumba si aibu, sisi wa soko la nguo kuukuu la Gikomba tunalijua hilo. Sharti langu ni moja: ije na kitabu chake. Nimewahi kuitwa kutengeneza lifti ya mtumba iliyofika bila michoro wala kumbukumbu za ukaguzi, na kila skrubu niliyofungua ilikuwa kitendawili. Mashine ya kubeba watoto isinunuliwe hivyo, hata kwa bei ya bure.

Knoebels hawatozi kiingilio pia. Unaingia bure, unalipia unachopanda. Shosho wa Pennsylvania anashika mikoba bila kulipa.

Mfereji wa mitumbwi ya maji, ambao nao umeandikwa sana ubaoni, mimi siutaki. Maji yenyewe huzungushwa na pampu, hayapotei kama watu wanavyodhani, lakini pampu hizo zinakula stima, Julai hakuna atakayetaka kulowa, na mtaa wa jirani unapanga mitungi ya njano kusubiri mgao kutoka bwawa la Ndakaini. Haitapendeza.

Gurudumu kubwa liacheni lilivyo. Lao ni dogo, lile la kwanza la mhandisi George Ferris kule Chicago mwaka 1893 lilikuwa na kimo cha mita 80 hivi na vyumba 36 vya watu 60 kila kimoja, lakini hewa ikiwa safi asubuhi unaiona milima ya Ngong yote, na hiyo inatosha. Nunueni tu jenereta inayowaka yenyewe. Stima ilipopotea tukiwa juu, alitumwa mtu kwenda kutafuta ufunguo wa chumba cha jenereta, na mke wangu hadi leo hajanisamehe kwa kuanza kumweleza jinsi mota inavyofanya kazi.

Kadi ya malipo ndiyo iliyoniudhi kuliko yote. Unaipakia kwa M-Pesa, na mwisho wa siku hubaki vishilingi visivyotosha mashine yoyote na visivyorudishwa. Vyoo visafi. Chipsi za kawaida, bei si ya kawaida, na chupa ya maji uliyotoka nayo nyumbani inabaki langoni.

Nawapa nyota tatu na nusu. Nendeni asubuhi katikati ya wiki shule zikifunga, pakieni kadi kidogo kidogo, na mtoto wenu akiwa karibu na ulimi wa twiga, msukeni nywele za kulala ili ajue mapema.