Watu wa ukaguzi wa usalama ofisini hapa Mbeya: asubuhi safi, mchana mmh

Kama unafanya kazi Mbeya mjini unajua mwezi wa sita na wa saba ofisi zinavyokuwa, saa mbili asubuhi vidole havishiki peni na kila mtu anatafuta joto kwa akili yake. Sisi tuko ghorofani maeneo ya Mafiati, bosi akaamua kuleta wale jamaa wa usalama mahali pa kazi, asubuhi wanakagua ofisi, mchana wanafundisha. Laki tatu na nusu kwa ofisi ya watu wasiozidi ishirini, risiti ya EFD wametoa bila kuombwa. Jina lao siweki maana kuna sehemu nitawasema.

Asubuhi ndo ilibeba hela yote. Alikuja mama mmoja wa makamo na kijana fundi umeme, wamesalimia tu "ugonile" pale mlangoni, hata kiti hawakutaka, wakaanza kuzunguka. Cha kwanza mama kaulizia jiko la mkaa. Dada wa mapokezi akasema hatuna jiko hapa mama, mama kafungua stoo, jiko hilo, na jivu lake. Sisi tukacheka, yeye wala. Akatueleza mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa kabonimonoksaidi, haina rangi haina harufu, kwaiyo ule mkaa uliokolea vizuri hauna hata moshi ndo watu wanauingiza ndani wakijua uko salama kumbe bado unaitoa. Inaingia kwenye damu inakaa pale ambapo oksijeni ilitakiwa kukaa, unaanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, unalegea, usingizi. Hapo watu tukaanza kuangaliana maana hivyo vichwa vya mchana kila msimu wa baridi tunavisingizia mafua na ripoti za mwisho wa mwezi. Akasema pia ukimkuta mtu kalegea kwenye chumba chenye jiko mtoe nje kwanza apate hewa, na mkifika hospitali semeni kulikuwa na jiko, msipotaja daktari atajuaje, ataanza kumpima malaria. Na kufungua dirisha kidogo akasema msijidanganye, jiko litoke, basi.

Sasa tukasema basi tutumie hita ya umeme. Kijana akaomba aone inachomekwa wapi. Yani ekstensheni moja, hita ya wati 2,000, jagi la kuchemshia maji nalo wati 2,000, na chaja za simu sjui za nani zote ziko hapo. Akachukua kalamu, 4,000 gawanya kwa 230 unapata ampea 17 na ushee, alafu akageuza plagi ya ekstensheni tusome wenyewe: mwisho ampea 13. Kibaya zaidi waya wake ulikuwa umeviringishwa na kufungwa utepe eti upendeze, akasema waya ukikunjwa hivyo joto lake halina pa kutokea, unajipika wenyewe kama ndizi kwenye majani. Akataka hita ichomekwe ukutani peke yake, na ile soketi yenye weusi pembeni ya matundu isiguswe mpaka ibadilishwe. Mi binafsi hili peke yake ningelilipia.

Mtungi wa kuzimia moto tulikuwa nao, wa unga, umewekwa nyuma ya mlango umezibwa na maboksi ya karatasi. Mshale ulikuwa kwenye kijani, sawa, ila mama akauliza mkipulizia unga kwenye chumba cha kompyuta mtabaki na nini? Moto utazima kweli, lakini unga unaingia mpaka ndani ya mashine. Kwa vitu vya umeme akashauri ule wa gesi wenye lebo nyeusi, na huo hauna mshale, unapimwa kwa uzito, kwaiyo mtu akikwambia ameukagua kwa kuutazama tu anakupiga. Mengine yalikuwa ya haraka haraka: kabati la mafaili lifungwe ukutani maana ukivuta droo mbili za juu pamoja linakuangukia (na huku kwetu matetemeko yapo), mtu asipande kiti cha magurudumu kufuata faili, na pale ngazini tailizi zikilowa tope la mvua pawekwe zulia la mpira.

Mchana ndo sasa. Projekta, slaidi kibao, na nyingi ni za viwandani, helmeti, makreni, mitungi ya kemikali. Sisi ni ofisi ya mahesabu jamani! Huduma ya kwanza wameileta jioni watu wamechoka, sanamu la kufanyia mazoezi ni moja, wengi hatukuligusa. Nililoshika ni kwamba aliyeungua na chai anamwagiwa maji ya bomba ya kutiririka dakika 20, habari za dawa ya meno hamna, na aliyenaswa na umeme usimshike kabla hujazima meni swichi. Zoezi la moto nje lilikuwa zuri lakini, dada wa usafi kazima beseni la moto kuliko wanaume wote, na namba ya zimamoto 114 sasa imebandikwa karibu na kila simu.

Kilichoniudhi ni mwishoni kugeuka wauza mitungi, na bei yao iko juu kuliko maduka ya Mwanjelwa, nilienda kuulizia mwenyewe. Alafu vile vyeti walivyotugawia bosi kafurahi akadhani mambo ya OSHA, wale wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, yameisha. Hayajaisha, usajili na ukaguzi wa ile Sheria Namba 5 ya 2003 ni wa OSHA wenyewe, hawa ni washauri tu, na walitakiwa waseme hilo mapema, sio mpaka mtu aulize.

Ukaguzi nawapa tisa kwa kumi, darasa nne. Ukiwaita waambie unataka asubuhi tu bila slaidi, tawi letu la Makambako wamekubali kwa laki moja na nusu, nauli juu yenu, na umwombe yule yule mama.