Mkurdi wa Ujerumani na Mkurdi wa Uswidi: nani aliitwa kwa jina lake?

Wakurdi ni watu wa Mashariki ya Kati wasio na nchi yao wenyewe, na wengi wao wanaishi Uturuki. Ujerumani ndiko Wakurdi wengi zaidi wa Ulaya Magharibi waliko. Wengi walianza kufika kwa mkataba wa wafanyakazi wa 1961 kati yake na Uturuki: waliingia viwandani na pasipoti za Kituruki, wakahesabiwa Waturuki. Mtu katoka Diyarbakır, mji wa Wakurdi huko Uturuki, nyumbani anasema Kikurdi, lakini kwenye karatasi Mkurdi hayupo. Hilo linaniuma. Faida ya Ujerumani ni wingi wa watu: Newroz, sikukuu ya mwaka mpya wa Wakurdi, 21 Machi, hukusanya maelfu. Uraia nao ulichelewa. Kabla ya sheria ya 2000, mtoto wa wageni hakuupata kwa kuzaliwa huko tu.

Uswidi walikwenda wachache, wengi wao wakimbizi, hasa baada ya mapinduzi ya kijeshi ya Uturuki ya 1980, wakiwamo waandishi. Huko, tangu miaka ya 1970, mtoto wa mgeni ana nafasi ya kufundishwa lugha ya mama shuleni. Hebu fikiria: herufi q, w na x, zilizomo katika Kikurdi lakini si katika Kituruki, ambazo Uturuki ilizikataa kwa miongo mingi, mtoto wa Stockholm anaziandika daftarini mbele ya mwalimu anayelipwa na serikali. Hata vitabu vya Kikurdi vilichapishwa huko wakati kwao vimepigwa marufuku.

Kwa kutafuta jamaa wa kwenu, Ujerumani. Kwa kulea mtoto, mimi nasema Uswidi, bila kusita: bibi akipiga simu kutoka kijijini, mjukuu anamjibu kwa Kikurdi.